Kalamu za Risasi

Wiki jana tulipokuwa tunaondoa vitu vya marehemu baba kwenye nyumba ya Rissne, huku Uswidi, nilikuta fomu ya kuomba kibali cha bunduki, imejazwa jina tu. Papo hapo nikasikia harufu ya mbao zenye joto.

Alasiri moja nilipokuwa mdogo, baba, Mkenya wa watu, alirudi na nyama ya mnyama wa msituni aliyopewa na wawindaji wa kazini kwake. Alitaka kwenda kuwinda nao. Mama, aliyekimbia vita Bukavu, hakuigusa.

“Baba Neema, risasi haitaingia mu nyumba yangu.”

“Mama Neema, huku bunduki hufungiwa kwenye kabati la chuma. Ni haki yangu.”

“Na miye niko na haki ya kulala.”

Risasi niliyoijua mimi ilikuwa ya kalamu za risasi, ndivyo baba alivyoziita penseli zangu. Nikazikusanya zote, nikazifukia kwenye theluji ya roshani.

Baba alinikuta mikono imekufa ganzi. “Neema, unafanya nini?”

“Mamma vill sova,” nilimjibu kwa Kiswidi. Mama anataka kulala.

Hakucheka. Alizifukua, akazipanga juu ya hita zikauke, nyumba nzima ikanukia mbao. Kisha akaigeuza fomu yake, akanipa nichoree upande wa nyuma.

Wiki jana niliigeuza tena. Mnyama wangu wa miguu mitano bado yupo. Chini yake, kwa kalamu ya risasi, baba aliandika: “Mama amelala.”