Tembo Aliyepigiwa Makofi

Ukitaka kumjua mpumbavu, mpe bunduki na ua wenye geti la chuma. Ndivyo alivyokuwa kamanda mmoja wa Bunia, mashariki mwa Kongo, miaka ile ya vita. Hata mbuzi hakuwahi kufuga, lakini alitaka tembo.

Alimpata. Askari wake walimuua mama msituni, upande wa Epulu, kwa ajili ya pembe. Mtoto wakampakia kwenye lori hadi mtaa wa Rwambuzi mjini, wakamfunga kamba uani. Kisha mtu akamnong'oneza kamanda kwamba mtaani humo anaishi Muzee Adolphe, ambaye zamani za Wabelgiji alikuwa kornaki, mfuga tembo, kule Uele.

Ni kweli. Ujana wake aliumalizia huko, akikamata watoto wa tembo na kuwaimbia jioni mpaka waache kulia. Kwa makornaki, mtoto aliyekamatwa haachiwi giza bila wimbo. Wimbo wenyewe ulikuwa uongo mtupu: nyamaza, mama yako yuko mtoni, anakuja. Watoto waliamini, wakanyamaza, wakauzwa Ulaya. Wa mwisho, Tina, alinunuliwa na Mzungu mmoja mnene mwenye sarakasi ya kuzunguka mji kwa mji. Baadaye Mzungu huyo akaleta picha, akidhani analeta zawadi: Tina kasimama juu ya kigoda, kavaa kofia, na watu wazima, eti wenye akili zao, wanampigia makofi. Adolphe alitema mate. Aliapa, na tangu siku hiyo hakuimba tena, hata kanisani. Mkewe Emérance alimtania kwamba Mungu ataisahau sauti yake.

Sasa kamanda alimwita uani, maana alikuwa anangoja wageni Jumapili.

“Muzee, weye utamufundisha apige magoti mbele ya wageni,” alisema. “Na umuimbie. Nasikia munawaimbiaga.”

Adolphe alimtazama mtoto. Mbavu zilikuwa nje, macho yamezama. Huyu hakuhitaji mafunzo. Alihitaji maziwa, na watu wa hifadhi ya wanyama ya Epulu waje kumchukua kabla hajafa. Adolphe aliomba yote mawili, kwa upole ambao yule bwege hakustahili. Kamanda alicheka. Ng'ombe wa jirani askari wake walikwisha kuwala, kwa hiyo akaagiza mtoto apewe ndizi na bia. Bia! Kila asubuhi Adolphe alimletea uji mwepesi, Emérance akiupunguza kwenye sufuria yao wenyewe. Lakini uji si maziwa.

Jumapili wageni walijaa kwenye viti vya plastiki, mashati yamenyooshwa, utadhani wako harusini. Mtoto alitolewa akitetemeka miguu, akilia kwa sauti ndogo, na jua lilikuwa linashuka. Adolphe angeweza kunyamaza kama alivyoapa. Moyo ulimkataza. Alimsogelea, akaweka kiganja nyuma ya sikio lake, akaimba. Nyamaza, mama yako yuko mtoni. Ila safari hii hakusema anakuja. Alisema: unamfuata.

Mtoto alikunja miguu ya mbele taratibu, akainamisha kichwa mpaka chini. Kamanda aliruka kutoka kitini akipiga makofi, na wageni wote wakamfuata, kama wale wa kwenye picha.

“Munaona?” alisema. “Iko ananisalimia.”

“Haiko anakusalimia, chef,” Adolphe alimjibu bila kugeuka. “Iko anakufa.”

Makofi yaliendelea kidogo, maana wa viti vya nyuma hawakusikia.