Siku Nilipotoa Viti vya Gama Nje

Jambo hili huwa nalisimulia nikiwa nimeangalia chini, maana mpaka leo nikipita mtaa wa Mfaranyaki kuna akina mama wakiniona wanashika viuno na kucheka.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mwenye chumba barabarani anafungua duka, na Kaka Gama, mchora mabango, kazi zilikuwa zinampata mpaka anachoka. Mimi shule niliiachia njiani nikawa mtu wa kuzurura (Tunduru nimefika, Mbamba Bay nimefika, ukiniuliza nilifuata nini sijui), nikanasa kwa Gama kwa sababu ya kitu ambacho sikuwa nimekiona kwingine: sebule yake aliwaachia vijana wanaochora watundike picha zao, watu waje waone. Safari hiyo ilikuwa zamu ya Otilia, binti wa Mbinga aliyekuwa akijifunza kwake. Baba yake alikuwa anakuja kumrudisha nyumbani kwenye shamba la kahawa, na Gama alimwomba jambo moja tu, azione picha kwanza, ndipo aamue.

Asubuhi ile Gama na Otilia wakaenda stendi kumpokea mzee, wakaniachia nyumba. "Viti visogeze pembeni tu," Gama aliniambia. Huko pembeni vikawa vinaziba picha, basi nikavitoa vyote uani, sebuleni nikatandika mikeka, nje nikawasha moto na kubandika sufuria kubwa ya chai ya wageni, halafu (hapa ndipo huwa naziba uso) nikachukua picha kubwa ambayo Otilia alijichora mwenyewe, nikaisimamisha mezani pale mlangoni, nikaizungushia maua.

Mwenye akili zake ameshajua nilichotengeneza. Mimi sikujua. Jirani alichungulia, akaondoka mbio, akarudi na wenzake wamejifunga khanga, wamebeba unga na kuni. Wakavua viatu, wakakaa mikekani wameinamisha vichwa. Nikafurahi kweli, kumbe Mfaranyaki wanaheshimu picha namna hii, na ule unga nikaupokea nikidhani ndicho kiingilio. Nikawapitishia chai, nikawaambia wajisikie huru. Mama mmoja akanishika mkono.

"Pole, mwanangu. Aliumwa nini?"

Kabla sijajibu, mzee mmoja mwenye kapu akatokea uani. Alikuwa baba yake Otilia, ameteremka kwenye basi kabla ya stendi na kuja akiulizia njia. Akaona viti nje, akaona moto, akaona sura ya mwanawe katikati ya maua. Kapu likamponyoka. Akapiga magoti mbele ya ile picha akilia jina la binti yake, akina mama wakapokea kilio, na mimi, badala ya kueleza, nikajikuta nalia nao.

Kilio kilikatika Otilia alipoingia na Gama. Mzee alimpapasa mashavu, akampapasa mikono, kisha akageukia picha.

"Nani kakuchora?"

"Nimejichora mwenyewe, baba."

Akaiangalia muda mrefu. "Nimeipigia magoti nikidhani ni wewe," akasema. "Baki hapa, mama. Endelea."

Gama hakunigombeza. Waliotoa hukumu ni wale akina mama: nikasonga ugali wa unga wao wote, huku wao wakizunguka kwenye kuta kutazama picha na kubishana ipi nzuri.

Tangu siku hiyo kiti cha mtu sikitoi nje. Hata nikifagia kwangu, kimoja nakiacha katikati ya chumba na mlango wazi, wapita njia wakione.