Mbuzi wa Idi na Hati Niliyoificha

Kabla ya siku ile ninayoikumbuka, mwanangu, hali zetu zilikuwa hivi. Nilikuwa kijana wa miaka thelathini na miwili, mkazi wa Kasese, mume wa Safina, na mtu niliyekuwa na malori mawili ambayo sasa hayakuwa yangu tena. Lori la kwanza lilinilisha vizuri kwa miaka sita. Nilibeba samaki wa Katunguru, nilibeba kahawa ya Maliba, na siku za soko niliteremka Bwera nikiwa na mzigo na kurudi nikiwa na mwingine. Kosa langu lilikuwa kutamani lori la pili kabla ya wakati wake. Nilikopa huku na huku ili nilinunue. Wahenga walishasema kwamba kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga yangu yalianzia njia panda ya Kikorongo, injini ilipokufa nimejaza kahawa ya watu, mvua ikainyea siku mbili mfululizo.

Sikukimbia. Nalisema hili si kwa kujisifu, bali kwa sababu wengi huvuka mpaka wakabadili majina. Mimi nilikwenda mahakamani kwa miguu yangu, nikatangazwa mufilisi. Msimamizi aliyewekwa na mahakama aliuza malori yote mawili pamoja na kiwanja changu, akawaita wadai wangu kwenye mkutano, akawagawia kilichopatikana, kila mmoja kwa kadiri ya deni lake. Cherehani ya Safina hakuigusa, kwa kuwa sheria haimnyang'anyi mtu chombo cha riziki. Muda uliowekwa ulipokwisha nilipewa amri ya kuniachilia: karatasi moja yenye muhuri mwekundu, iliyosema kwamba kwa madeni yaliyoingizwa katika ufilisi ule sidaiwi tena.

Na karatasi hiyo niliifanya nini? Niliificha chini ya nguo, ndani ya sanduku. Neno lile la kufilisika lilikuwa limeandikwa kando ya jina langu na la marehemu baba yangu, nami nikaona haya hata kumwonyesha mke wangu. Mficha uchi hazai, nami nilificha uchi wangu kwa ustadi mkubwa.

Miongoni mwa wadai wangu alikuwamo Haji Swaleh, mfanyabiashara wa kahawa wa Bwera. Alikuwa amenikopesha bila riba, kwa kunipa mkono tu, na sehemu ya kahawa iliyonyeshewa Kikorongo ilikuwa yake, na ndiyo sababu yeye aliniuma moyoni kuliko wengine wote. Alihudhuria ule mkutano na kupokea fungu lake, dogo kama mafungu ya wenzake. Idi ya kuchinja ilipofika nilipanda Maliba, nikanunua mbuzi mwekundu kwa akiba ya miezi minne, nikamsafirisha hadi Bwera kwa gari la mizigo. Kwetu sisi, mtu aliyemvunjia mzee imani yake hatangulizi maneno. Hutanguliza mnyama, maneno yafuate baadaye. Haji alinipigia simu, akanishukuru na kuniombea dua ndefu. Nililala vizuri juma zima.

Ijumaa iliyofuata alinikuta mlangoni mwa msikiti, mkononi ana daftari.

"Mutoto yangu Yusufu," akaniambia, "ile mbuzi nimeiandika. Iko avansi, malipo ya kwanza. Sasa ingine inatoka lini?"

Nilicheka nikidhani anatania. "Haji, yule alikuwa wa Idi."

"Idi iko Idi, deni iko deni. Mutu hawezi kutuma mbuzi kwa mutu hamudai."

Watu waliokuwa wakivaa viatu walisita, kila mmoja na kiatu kimoja mguuni, wakanitazama. Toka siku hiyo alikuja Kasese kila Ijumaa, na kila Ijumaa sauti yake ilipanda kidogo. Nami badala ya kusema nilichokuwa nacho, nilimwambia "karibuni, Haji", "Mungu akijalia, Haji", kwa unyenyekevu ambao yeye, na nadhani kwa haki, aliuelewa kuwa ni ahadi.

Sasa ndipo tunapoifikia siku yenyewe. Ilikuwa mchana. Haji hakuja msikitini, alikuja nyumbani. Aliketi kwenye benchi letu, akatoa karatasi aliyokwisha kuiandika: kwamba mimi Yusufu nalikubali upya deni lote, nitalilipa kila mwezi, na mwezi nitakaoshindwa, Haji atachukua cherehani. Cherehani hiyo, mwanangu, ndiyo iliyokuwa unga wetu, sabuni yetu na karo ya dada yako mkubwa. Safina aliondoa mguu kwenye kanyagio.

"Haji," akasema, "nikishanyang'anywa hii, nitashona na meno?"

"Mama, siyo mimi nataka. Ni karatasi inataka."

Nilitaka jambo lile liishe tu. Nikachukua kalamu ya Haji niweke sahihi, ikakataa. Wino ulikuwa umekauka. Nikatikisa, nikaipulizia, wapi. Basi nikatoka kwenda kuazima kalamu kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa Afande Opolot, mzee kutoka Teso, sajini mstaafu wa polisi aliyemaliza utumishi wake akipeleka hati za mahakama majumbani mwa watu. Aliishi nyumba ya pili kutoka ua wa kambi ya polisi, akifuga sungura. Nilimkuta amempakata mmoja akimkagua masikio.

"Afande, naomba kalamu."

"Ya nini?"

"Kuna karatasi ya kuweka sahihi."

"Karatasi ya nani?" Nikababaika. "Simama hapo. Sema yote."

Nikamweleza yote, toka lori hadi mbuzi. Alimrudisha sungura kwenye kizimba polepole, akafunga mlango, ndipo akageuka.

"Koti ilikuachilia?" Mahakama yeye aliiita hivyo.

"Ndiyo, Afande."

"Karatasi ya koti iko wapi?"

"Iko ndani ya sanduku. Chini."

"Chini ya nini?"

"Chini ya suruali, Afande."

"Miaka ishirini mimi napeleka karatasi ya koti, watu inaniona inaruka dirisha. Wewe iko na karatasi ya kukusaidia, unaifunika na suruali! Wewe ni kijana ama wewe ni kuku?"

Nikamwambia ukweli, kwamba naona haya. Hapo sauti yake ikashuka, na hivyo ndivyo ninavyopenda kumkumbuka. "Haya ni ya mwizi," akasema. "Wewe ulienda koti mwenyewe, ukatoa kila kitu. Ile mbuzi ni zawadi, haina shida. Lakini ukiandika jina kwa hii karatasi mpya, unatengeneza kesi mpya na mkono yako. Kalamu sikupi. Twende."

Fimbo ya mbali haiui nyoka, nayo fimbo yangu ilikuwa hatua kumi kutoka nilipoketi nikiumwa. Nilifungua sanduku mbele ya watu wote. Safina ndiye aliyeipokea hati kwanza. Aliisoma yote, tena taratibu, kisha akanitazama.

"Kumbe hii ndiyo ilikuwa inakunyima usingizi? Mimi nilidhani una mke mwingine huko Bwera."

Hata Haji alicheka, ingawa alijizuia upesi.

Afande aliisoma hati kwa Kiingereza chake cha kituoni, akiifasiri mstari kwa mstari. Alipomaliza akauliza, "Haji, kwa ile mkutano ya wadai ulikuwa?"

"Nilikuwa."

"Pesa ulipokea?"

"Kidogo tu, Afande. Haikutosha hata mafuta ya kurudi."

"Kidogo, lakini ulipokea. Basi kuumia moyo, ruhusa. Kudai, hapana."

Haji akanigeukia mimi. Afande naye akanyamaza makusudi, nikajua kwamba neno lililobaki ni langu, wala hakuna wa kunisemea. "Haji," nikasema, "mbuzi yule nilikupa kwa mapenzi. Hasara niliyokutia naijua, na radhi yako naiomba mpaka leo. Lakini karatasi hii siiwekei sahihi."

Aliitazama karatasi yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Na mimi watu ya Kasindi, kule ng'ambo ya mpaka, walinidai kahawa ile ile ya mvua. Nani alinipa mimi karatasi?"

Safina alinyanyuka akamletea chai, akaitia tangawizi kama alivyojua anaipenda. Haji aliinywa yote, akaikunja karatasi yake, akaitia mfukoni, akaaga kwa salamu kamili.

Sasa sikiliza, mwanangu, kwa kuwa najua nawe ulifilisika, na wadai wanakupigia simu. Siku hizi mdai haji na daftari. Hutuma ujumbe asubuhi na mchana, hutisha kupeleka picha yako kwa jamaa zako, ilhali amri yako ya mahakama imelala kwenye droo kama yangu ilivyolala sandukuni. Itoe. Piga nakala, zithibitishwe na mahakama iliyoitoa. Moja mpe mkeo, moja mtumie anayekudai, kwa barua fupi ya adabu, na uhifadhi kila ujumbe anaokutumia. Akiendelea, usibishane naye barabarani; mpelekee habari msimamizi aliyeshughulikia ufilisi wako, au rudi mahakamani. Usitoe hata shilingi kwa hofu, wala usiweke sahihi kwenye karatasi yoyote ya kulikubali deni upya. Hata hivyo uwe mkweli: yapo madeni ambayo amri hiyo haiyafuti, kama yale yaliyopatikana kwa ulaghai, au matunzo ya watoto, na deni ulilokopa baada ya amri ni lako kamili. Uliza lipi ni lipi kabla ya kuinua kifua.

Na ukitaka siku moja kumpa kitu yule aliyekula hasara kwa ajili yako, mpe. Dini haikukataza, na moyo hauna mahakama ya kuufungia. Nilimwuliza sheikh wetu juu ya hilo, akanijibu kwamba hiari ni hiari pale tu ambapo mtu angeweza kukataa. Basi mpe ukiwa huru, mbele ya shahidi, ukitamka wazi kwamba ni zawadi. Wala usimdharau mdai wako. Mwenye kuja na daftari huenda naye ana mlango ambao hawezi kuupita kwa haya.

Mola akuvike subira asiyoweza kuivua mtu, akulinde na fedheha ya bure, akupe jirani mwenye ukali wa Afande Opolot na mke mwenye ulimi wa Safina, na akupe riziki utakayoila bila kutazama nyuma. Amina.

Ama Haji Swaleh, alirudi mara moja tena, baada ya wiki tatu. Nilimpa nakala yake ya amri. Hakudai tena, na mwaka uliofuata alinipa kazi ya kumpakilia kahawa Maliba, kwa malipo ya kila siku, taslimu.