Sahihi ya Daktari Wino

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebandikwa mlangoni pa ofisi, lakini watu walimwita Daktari Wino. Alikuwa daktari wa mifugo, mtu mrefu wa maneno machache, na mfuko wa koti lake jeupe haukukosa kalamu mbili za buluu. Ukimwazima nyeusi, alikurudishia kama mtu aliyepewa kijiko kichafu. Sababu ilikuwa ya kikazi. Cheti cha afya kinachosindikiza siagi au jibini kwenda nje huchapwa kwa wino mweusi, na wanunuzi wa huko hutaka sahihi ya daktari iwe ya rangi nyingine, wajue kuwa ni mkono wa mtu na si mashine.

Kwa miaka kumi na miwili, hakuna kopo la samli wala bonge la jibini lililotoka nchini bila kupita chini ya kalamu hizo. Sahihi yake ilianza na herufi kubwa iliyosimama wima, ikafuatwa na mawimbi matatu, ikamalizikia kwenye mkia mrefu uliopinda juu. Wenzake walisema ni mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi. Mfano wake ulikuwa umetumwa ng'ambo siku nyingi, ukakaa kwenye majalada ya maofisa wa bandari za huko, na kila cheti kilipofika walikilinganisha nao. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kupanda ndege, lakini mkia wake wa ng'ombe ulijulikana nchi saba.

Mkono ulianza kumsaliti taratibu. Kwanza kidole gumba cha kulia kilijisugua chenyewe dhidi ya cha shahada, kama mtu anayeviringisha punje ya mchanga. Kisha kiganja kizima kikaanza kutetemeka, hasa mchana, hasa akiwa ameketi tu. Akajifunza kukificha mfukoni. Akajifunza kutia sahihi asubuhi, kabla mkono haujachoka, akiwa ameuegemeza kwenye kitabu kinene. Kazini hakuna aliyegundua, au hakuna aliyesema.

Nyumbani mambo hayakufichika. Mkewe alikuwa mshonaji, na mshonaji huangalia mikono ya watu kuliko nyuso zao.

"Baba Watoto, mkono una nini?"

"Baridi tu."

"Na jua lote hili?"

"Basi ni uchovu."

"Mficha maradhi, Baba Watoto..."

"Methali hiyo naijua mwisho wake."

"Kama unaijua, twende hospitali."

"Tutakwenda," alisema, na hiyo "tutakwenda" ikachukua miezi minane.

Si kwamba aliogopa dawa au sindano. Mtu aliyetia mkono ndani ya ng'ombe mara zisizo na idadi haogopi sindano. Aliogopa kiti. Aliona picha yake akiwa amewekwa kwenye kiti cha pembeni karibu na dirisha, akisalimiwa kwa heshima na kuulizwa hali, huku karatasi zikipita kwa wengine. Ofisini kulikuwa na daktari mwingine, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyeitwa Daktari Mdogo. Mfano wa sahihi yake nao ulikuwa umeshatumwa ng'ambo, lakini kwa miaka miwili mzee hakumwachia cheti hata kimoja. Kila alipoomba aliambiwa, "Bado, binti yangu. Tazama kwanza."

Mwaka huohuo ndipo Mama Jibini alipomaliza safari yake ya kutimiza masharti ya kuuza nje. Mama huyu alikuwa kiongozi wa ushirika wa wafugaji. Alianza na sufuria moja jikoni kwake, na sasa alikuwa na kiwanda kidogo chenye wafanyakazi kumi na mmoja. Alitaka kuuza jibini nje, na aliyesimama kati yake na soko hilo alikuwa Daktari Wino. Mara ya kwanza alimrudisha kwa sababu ya mfereji: maji ya kuoshea sakafu yalitoka chumba cha maziwa mabichi yakapitia chumba cha jibini. Ukachimbuliwa, ukageuzwa. Mara ya pili ilikuwa kipimajoto cha mtambo wa kuchemshia maziwa, ambacho hakuna aliyekihakiki tangu kinunuliwe. Mara ya tatu ilikuwa daftari la wafugaji. Ng'ombe watatu walikuwa wamechomwa sindano za dawa, na haikuandikwa maziwa yao yalimwagwa kwa siku ngapi.

"Daktari," Mama Jibini alimwambia siku hiyo, akifunga daftari polepole, "ungekuja kwangu kuposa, ndoa isingefungwa. Ungekagua mpaka meno ya bibi harusi."

"Meno ndiyo mwanzo, Mama. Umri wa mnyama husomwa menoni."

Mama Jibini alicheka bila kupenda, akaenda kuanza daftari upya.

Mara ya nne Daktari Wino alikosa cha kumrudishia. Kiwanda kikapewa namba, namba ikakubaliwa ng'ambo, na siku ya shehena ya kwanza ikafika. Hesabu ya maboksi ilichelewa, kwa hiyo cheti kilimfikia mezani alasiri, saa ambazo mkono ulikuwa mbaya kuliko zote. Lori lilikuwa nje, mashine yake ya baridi ikivuma. Cheti kile kina aya nyingi, na zisizohusika lazima zikatwe kwa mstari, kila mkato ukitiwa sahihi ndogo na muhuri. Zilikuwa nane. Alifunga mlango, akalaza mkono mezani, akaukandamiza kwa ule wa kushoto, akaanza. Alipofika chini, kwenye sahihi kubwa, kitambaa cha shati lake kilikuwa kimegandamana na mgongo.

Akaitazama. Mawimbi matatu yalikuwa matano. Mkia wa ng'ombe ulikuwa umejikunja kama wa nguruwe.

Angeweza kuichana ile karatasi na kumwita Daktari Mdogo, aliyekuwa chumba cha pili. Alilifikiria hilo, na baadaye hakujidanganya kwamba hakulifikiria. Alipuliza wino ukauke, akatia cheti ndani ya bahasha, akatoka kumpa Mama Jibini mkononi.

Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja mkurugenzi akamwita, na alipoingia alimkuta Daktari Mdogo amesimama karibu na kabati, na Mama Jibini ameketi, pochi mapajani, ameishika kwa mikono yote miwili. Mkurugenzi alikuwa na barua kutoka ng'ambo.

"Shehena imezuiwa bandarini kwao," alisema. "Wamelinganisha cheti na mfano walio nao. Wanasema sahihi si sahihi." Akasikia alivyosema, lakini hakuna aliyecheka. "Wanahisi cheti kimeghushiwa. Jibini iko kwenye ghala la baridi. Wametupa siku kumi na tano za kazi kujieleza. Zikipita, wanaiteketeza, na kiwanda kinafutwa kwenye orodha."

Kisha akamgeukia Mama Jibini. Hakupandisha sauti. "Karatasi zetu zina namba, Mama. Kama kuna mtu humu ofisini aliyekupa nyingine kwa mlango wa nyuma, ni heri useme mapema."

"Mimi nilipokea bahasha kwa mkono wa Daktari," Mama Jibini alisema. "Sikuifungua. Nilimpa dereva vilevile." Akamtazama Daktari Wino, si kwa lawama, bali kama mtu anayemtazama shahidi wake.

Daktari Wino alitoa mkono mfukoni, akauweka juu ya meza ya mkurugenzi, mbele ya wote, akauacha utetemeke.

"Cheti si cha kughushi," alisema. "Sahihi ni yangu. Nipe karatasi."

Akachukua kalamu ya buluu, akatia sahihi mara kumi, moja chini ya nyingine. Ilichukua muda, na hakuna aliyemharakisha. Daktari Mdogo aliichukua karatasi akaisoma kama anavyosoma majibu ya maabara. Hakuna mbili zilizofanana.

"Tangu lini?" aliuliza mkurugenzi.

"Mwaka na zaidi."

"Na hukusema."

"Sikusema."

Mama Jibini ndiye aliyezungumza kwanza. "Daktari, mfereji wangu ulininyima kibali mwezi mzima. Kumbe na wewe ulikuwa na mfereji wako."

"Ni kweli, Mama. Nisamehe."

"Habari ya msamaha tutaizungumza jibini ikishatoka. Sasa hivi niambie nifanye nini."

Cha kufanya kilikuwepo. Masharti yaliruhusu cheti kingine kitolewe mahali pa cha kwanza, kikitaja namba ya kile kilichobatilishwa, pamoja na barua ya maelezo, mradi aliyetia sahihi awe kwenye orodha yao. Mkurugenzi alivuta pumzi, akachukua fomu mpya, akaisukuma upande wa Daktari Mdogo. "Haya. Tia sahihi, iondoke leo."

Daktari Mdogo hakuigusa. "Siwezi, bosi."

"Huwezi nini? Daktari Wino alishakagua kila kitu."

"Alikagua yeye. Fomu inasema, 'Mimi niliyetia sahihi hapa chini nathibitisha.' Mimi sijathibitisha kitu."

Mkurugenzi alimtazama mzee, akitaraji amweke sawa binti huyu. Daktari Wino alikuwa ameinamisha kichwa. Maneno hayo alimfundisha yeye mwenyewe siku ya kwanza aliyoripoti kazini, na kuyasikia yakirudi kwa sauti ya mwingine kulimuuma na kumfurahisha kwa pamoja, asijue kipi kimetangulia.

"Anasema kweli," alisema. "Mpe gari."

Walikwenda kiwandani wawili, na kazi ikachukua siku mbili. Safari hii mzee ndiye aliyebeba majalada, na Daktari Mdogo ndiye aliyeuliza. Alianza na namba iliyopigwa kwenye kila bonge la jibini, akairudisha nyuma mpaka siku maziwa yalipopokelewa, kutoka hapo mpaka majina ya wafugaji, kutoka kwa wafugaji mpaka taarifa za chanjo na za ugonjwa wa miguu na midomo. Alisoma chati za joto moja baada ya nyingine. Alikata vipande vya jibini iliyowekwa akiba, akavipeleka maabara. Mama Jibini aliwatembeza, akimjibu Daktari Mdogo na kumpita mzee kwa adabu, kama mtu anavyoipita samani ya mwenyeji.

Siku ya pili, saa nne, Daktari Mdogo alisita.

"Mzee, tazama hapa. Cheti cha kwanza kinasema fungu la tatu limetengenezwa tarehe kumi na tatu. Daftari la kiwanda linasema kumi na nane."

Aliangalia. Daftari lilikuwa sawa. Kosa lilikuwa la cheti. Hati ilichapwa hivyo na yeye akaipitisha, mtu ambaye kwa miaka kumi na miwili alikamata hata nukta iliyokosekana.

"Siku hiyo macho yangu yalikuwa kwenye mkono," alisema. "Hayakuwa kwenye karatasi."

Hilo lilimchoma kuliko ile sahihi. Mkono ulitetemeka wenyewe, bila kosa lake. Tarehe ilimpita kwa sababu alikuwa na kazi ya kuficha.

Jioni hiyo, bado jua lipo, alimkuta mkewe kwenye cherehani, akamweleza yote, tangu lori mpaka tarehe kumi na nane. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Kesho au keshokutwa?" aliuliza.

"Kesho."

Hospitalini daktari wa binadamu alimtembeza ukumbini, akamwambia agongeshe vidole, aandike sentensi moja, achore mviringo. Kisha akautaja ugonjwa kwa jina lake. "Si wa kukuua, mzee mwenzangu. Ni wa kukaa naye nyumba moja. Dawa zitamtuliza, hazitamfukuza." Daktari Wino aliuliza maswali mengi, ya kitaalamu, mpaka mkewe akamgusa goti amwachie mwenzake apumue.

Barua ya maelezo aliiandika mwenyewe, akibonyeza herufi kwa kidole kimoja cha kushoto. Alisema mkono wake ni mgonjwa, kwamba alilijua hilo na hakulitolea taarifa, kwamba kiwanda hakihusiki kwa lolote, na kwamba anaomba jina lake liondolewe kwenye orodha ya watia sahihi. Mkurugenzi alimshauri afute ile sehemu ya kutotoa taarifa. Hakuifuta. Majibu ya maabara yaliporudi safi, cheti kipya kikaondoka pamoja nayo, na sahihi ya Daktari Mdogo chini yake, fupi na nyoofu kama kijiti.

Siku ya kumi na tatu shehena ikaachiwa. Haikuwa ushindi wa vigelegele. Mnunuzi aliichukua jibini akinung'unika, na shehena iliyofuata akaagiza kwingine. Mama Jibini alisubiri miezi saba kabla mnunuzi huyo hajarudi kuagiza kwake, na katika miezi hiyo wafugaji kadhaa waliuacha ushirika. Hayo yote Daktari Wino aliyajua. Kila mwezi alikwenda kiwandani kuuliza, na kila mwezi alijibiwa bila kupambiwa.

Kiti cha dirishani hakikuja. Mkurugenzi alimpa kazi ya kuvitembelea viwanda vilivyokuwa vinaanza safari ya masharti, na huko hakuhitaji kalamu. Aligonga mabonge ya jibini kwa kifundo cha kidole akisikiliza kama yana nyufa ndani. Alinusa mitungi. Alipiga magoti kwenye sakafu, koti jeupe na yote, kuona maji yanaelekea wapi. Dawa zilipokuwa zimemkubali mkono ulitulia kwa saa kadhaa. Zilipoisha nguvu ulitetemeka, na alieleza mambo ya mifereji huku unatetemeka, na watu wakazoea.

Ile habari ya msamaha ilizungumzwa hatimaye, mwaka uliofuata, shehena ya pili ilipoondoka. Mama Jibini alimkuta uani kiwandani akiosha buti zake za mpira.

"Daktari, nilikuwa nimekukasirikia sana."

"Najua."

"Zimebaki hasira kidogo, za akiba." Alimpokea buti moja, akaanza kuisugua mwenyewe. "Kesho kuna mtu anakuja, ana ng'ombe arobaini, anataka kujiunga na sisi. Ana maneno mengi na daftari hana. Nataka uwepo."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu. Njoo umtishe kidogo."

"Nitakuja," alisema Daktari Wino, na kesho yake saa tatu kasorobo alikuwa amefika.