Mjomba Hakulitaja Ziwa

Mwanangu alikuwa na miezi minane nilipoachwa, na wakwe zangu wa Moa wakamtaka. Shauri likafika barazani. Kwa desturi ya baraza letu mwanamke hasemi. Husemewa na mwanamume wa kwao. Basi mimi, niliyesoma hadi darasa la kumi, nikaketi mkekani nyuma ya mjomba wangu, mtoto mapajani, nikisemewa.

Njia nzima kutoka Pongwe nilimwambia jambo moja tu: sema bado ananyonya. Akaitikia. Mbele ya wazee akasalimia, akauliza hali za watu wote, kisha akasema, "Mtoto bado mdogo." Akakaa. Kulitaja ziwa la mpwa wake mbele ya wakwe kulimshinda. Mzee wa baraza akajibu kwamba hata Moa uji upo, mtoto akachukuliwe Ijumaa.

Nikasimama. "Shikamoo mzee. Huyu ananyonya. Uji hajauonja."

"Mwanamke hasemi hapa," karani akanikata.

"Nionyeshe ilipoandikwa."

Akafungua kitabu cha amri. Akakuta ya mbuzi wanaozurura sokoni, akakuta ya vyoo na ya muhogo. Yetu haikuwemo.

Mama mkwe akacheka. "Umeachwa kwa mdomo huo."

"Ndio ninaokujia nao leo, mama."

Mzee akaahirisha shauri wiki mbili.

Watu husema sheria hubadilika wakubwa wakiingiwa na huruma. Uongo. Mzee yule alikuwa na huruma tangu zamani, na bado tulisemewa. Siku niliporudi, mjomba alikaa nyuma yangu, na nyuma yake wanawake kumi na mmoja wa mtaani, kila mmoja na shauri lake lililoharibiwa na kaka au ami aliyeona haya. Nilikuwa na barua niliyoiandika mwenyewe kuomba tujisemee, wao wameitia dole gumba. Mzee akaisoma, akarudia. Akamwamuru karani aandike kitabuni kwamba mwanamke akitaka atasema shauri lake mwenyewe. Mstari mmoja tu, na karani akaukosea. Nikamsahihisha.

"Haya mama, sema," mzee akaniambia.

Nikasema yote. Ziwa nikalitaja mara tatu, mjomba akitazama viatu vyake. Karani alipokuwa akiandika kwamba mtoto abaki kwangu, mtoto mwenyewe alikuwa ananyonya, palepale mbele yao.