Pikapu ya Viti vya Matanga

Jumatatu asubuhi, nikisubiri treni pale Gare du Nord ya Brussels, simu iliniletea habari niliyokuwa nimeitarajia, na bado ikanikata maini. Yule mzee wa Lubumbashi, mwenye kushughulika na pikapu ya jumuiya yetu, amefariki hospitalini Woluwe baada ya kuugua kwa miezi. Kwa msomaji ambaye hakumjua: alikuwa mtu wa bima. Miaka mingi alivaa tai katika mmojawapo wa minara ile ya ofisi inayotazamana na stesheni, kazi yake ikiwa kuamua gari lipi lililogongwa linastahili kutengenezwa na lipi liende kuwa chuma chakavu. Alipostaafu alichukua gari ambalo yeye mwenyewe angelihukumu bila kupepesa jicho, akaliokoa. Nimelia, sifichi, lakini safu ya leo siiandiki kwa kulia. Mtu huyu alishinda, na mshindi husifiwa.

Niwaeleze kwanza desturi yetu. Wakongo wa hapa Brussels akifa mtu hukaa matanga kwa siku kadhaa, na matanga yanataka viti, sufuria kubwa na spika. Jumuiya yetu, ya watu wa Katanga na wa Kivu pamoja na sisi Watanzania wachache tuliodandia, huviweka vyote katika gereji moja Berchem-Sainte-Agathe. Chombo cha kuvibeba ni pikapu kuukuu ya Kijapani, ya petroli, ambayo sheria za moshi za jiji hazijaifikia bado. Kazi yake ni kufika kabla ya waombolezaji. Basi siku moja haikufika. Mama mmoja wa Bukavu, huko Kivu, alikuwa amefariki, na ukumbi ulikuwa ng'ambo ya pili ya mji, Woluwe-Saint-Lambert. Pikapu ikiwa imesheheni ilikata pumzi katikati ya mlima, ikaanza kurudi nyuma huku klachi inanuka kuungua. Mpaka tulipoikokota na kufika, watu walikuwa wamesimama saa nzima, wazee kwa vijana. Binti wa marehemu, muuguzi, mwanamke asiyepandisha sauti, alimwambia mzee mbele ya wote: "Papa, maman yetu tumemulilia wima. Angekuwa maman wa kwenu kule Katanga, biti bingechelewa?" Kwao viti ni biti.

Neno hilo lilimchoma. Wiki iliyofuata kikao kilikuwa cha moto. Watu wa Kivu walitaka kuchukua nusu ya viti na kwenda zao, na mwenyekiti, ambaye hapendi vikao virefu, akawa tayari kukubali. "Bon, tonton, hii gari imezeeka. Tuipeleke ku casse, alors kila muntu ajipange na bantu bake." Mzee alisimama na tai yake. "Imechoka, haiyazeeka. Muniachie mpaka contrôle technique. Ikikatala, donc mi mwenyewe ntaipeleka ku casse." Yaani apewe muda hadi ukaguzi wa magari, ikishindwa, inakwenda kukatwakatwa, na viti vinagawanywa. Mimi nilinyoosha mkono wa kumuunga mkono. Msinisifu, sikuwa na imani yoyote. Nilijua tu kwamba pikapu ikifa, viti vya Watanzania nitavibeba mimi, kwa tramu.

Kipupwe chote alikuwa gerejini. Aliifungua injini yote, akabadilisha ringi za pistoni na valvu, akaweka ekzosi mpya na breki kubwa zaidi za mbele. Kisha akagusa difu, ile gia iliyo katikati ya ekseli ya nyuma, akaweka nyingine ya kuvuta zaidi, ingawa kwa kufanya hivyo gari lilipoteza mbio. Nilikuwa nikipita Jumamosi kumshikia taa na kumchokoza. Nikamwambia kwenye barabara kuu tutapitwa na baiskeli. "Weye unatafuta mbio ya kwenda wapi?" akaniuliza akiwa chini ya gari. "Bafu habakimbie." Yaani wafu hawakimbii. Siku nyingine alifuta mikono, akaitazama ile pikapu kwa muda, akasema bila huzuni yoyote: "Ku bureau hii ningeiandika perte totale mbele ya kahawa." Yaani hasara tupu, kabla hata hajanywa kahawa ya asubuhi. Alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mstaafu mwingine yeyote, na nawajua wengi.

Alipofika kwenye springi ndipo Katanga ilipomponza. Kule kwao pikapu huongezwa vyuma vya springi ili ibebe mlima mzima bila kuinama, naye akaongeza. Siku ya ukaguzi akapakia viti vyote na sufuria zote, kwa sababu kwao gari linapimwa likiwa na mzigo. Gari tupu halijasema kitu. Mkaguzi, kijana mpole, alizitazama sufuria zile za kuogea mtu, akauliza kama tunahama nyumba. Kisha akatueleza kwamba gari huletwa tupu. Tukashusha viti kimoja kimoja pale kwenye maegesho, na watu wa foleni wakadhani tuna harusi. Kumbe kila kiti kilichoshuka kiliipandisha pikapu makalio juu, hata taa za mbele zikawa zinamulika lami ya miguuni pake. Ikakataliwa, ikapewa wiki mbili za kurekebishwa. Tulirudi Berchem, nami moyoni nilishagawa viti. Tulipozima injini akaanza kucheka. "Nilitengeneza gari ya Likasi," akasema, akiutaja mji wa kwao Katanga. "Huku banapima kitu kikiwa tupu. Sawa. Itasimama muzuri tupu, na itasimama muzuri na muzigo."

Na ndivyo alivyofanya. Aliviondoa vile vyuma alivyoongeza, akafunga juu ya ekseli mipira ya hewa yenye kibali, ya kujazwa siku ya mzigo na kupunguzwa siku nyingine. Pikapu ikapita ukaguzi. Haukupita mwezi tukapata msiba mwingine, wa familia ya Goma, Kivu vilevile, ukumbi ni uleule na mlima ni uleule. Nilikaa pembeni yake, nimeshika mlango. Akaweka gia ya pili, akaiacha ipande. Ilipanda kwa sauti nzito, haikutetemeka, na nilipogeuka nyuma nikaona magari ya vijana wetu yamejipanga mstari mrefu yanatusubiri tumalize kupanda. Nilipiga makofi nikiwa peke yangu ndani ya kabini. Muuguzi yule alitukuta tumeshafika mlangoni, akaja na funguo za ukumbi mkononi. "Papa, mumefika mbele yetu," akasema, akashusha kiti cha kwanza yeye mwenyewe, akakikunjua mbele ya mzee. "Ikala." Tangu siku ile sijasikia tena mtu akitaja kugawana viti.

Nimekuwa nikiwaza jambo hili wiki nzima. Ugenini kuna haraka ya kuandika watu na vitu kuwa hasara: cheti cha nyumbani hakifai, mzee aliyestaafu hafai, desturi ya matanga ni usumbufu kwa majirani. Na sisi wenyewe tumejifunza haraka hiyo. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ila uhunzi wenyewe unataka kazi. Mzee hakuirudisha pikapu ilivyokuwa, maana ilivyokuwa ilishindwa na mlima. Aliibadilisha, akakubali kupoteza mbio apate nguvu, na alipokosea alicheka, akafungua tena nati.

Juzi tulimlilia, Woluwe-Saint-Lambert. Aliyeendesha pikapu ni yule muuguzi. Aliziomba funguo yeye mwenyewe, na hakuna Mkatanga aliyebisha. Alifika mapema, na mjane alipoingia alikuta ukumbi mzima una viti, watu wa Kivu na wa Katanga wamekaa bila mpangilio. Niliona fahari kubwa, na nawaachia nilichokiokota pale. Kitu kilichotufikisha hapa kikianza kushindwa mlima, tukifungue kwanza kabla ya kukihukumu, tubadilishe kinachohitaji kubadilishwa, kisha tukipakie mzigo wetu wote twende nacho.