Mbuzi Waliolamba Nguzo Zangu

Jumatatu asubuhi, nyumbani Bilele. Dada yangu Adelina alinipigia simu kutoka mwaloni, kule ziwani wanakoshushia samaki, upande wa Muleba: kipande cha zege kimedondoka kutoka kwenye dari niliyomjengea, kikatua kwenye karai la samaki. Mimi ni fundi wa zege, na dari ile nilijivunia kuliko kazi zangu zote. Kwa hiyo sikujisumbua kuuliza kosa ni la nani. Mumewe, shemeji Yoeli, ndiye aliyenunua saruji, na nilikuwa na mashaka ya siku nyingi kwamba mifuko kadhaa iliishia kwenye choo chake. Nikachukua nyundo na patasi, nikaondoka kwenda kumsuta.

Saa tatu nilipata lifti ya lori lililobeba chumvi ya kukaushia samaki. Tulipita Kemondo, tukapita Muhutwe, migomba kulia na kushoto, nami nikimsimulia dereva maovu ya shemeji.

"Na chumvi je, mzee?" aliuliza. "Bodi ya lori hili imetobolewa na chumvi."

"Chumvi ni shida ya watu wa bahari," nilimjibu. "Ziwa letu ni maji baridi."

Alicheka, akaniacha niendelee kuwa mtaalamu.

Saa saba, mwaloni. Dada na mumewe hutengeneza kayabo, yaani sangara wa chumvi wanaouzwa Kongo. Niliwajengea dari juu ya nguzo nne. Matangi ya kuloweka samaki yako juu, mbwa na mbuzi wasiyafikie, na chini kivulini dada na wanawake wenzake wanapasua samaki.

Yoeli alinipokea na kahawa ya kutafuna, buni kavu kiganjani. "Karibu, shemeji. Tafuna kwanza, waitu, ndugu yetu, ndipo unigombeze."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nilipoona mbuzi wawili wakilamba nguzo yangu.

"Hawa wana nini?"

"Wako hapo kila siku," alisema Yoeli. "Wanaipenda sana kazi yako."

Nilikwangua nguzo kwa ukucha, nikaweka ulimini. Chumvi tupu. Nikalamba tena, nikiwa bega kwa bega na mbuzi, na wanawake wakacheka hadi wakaweka visu chini.

Nikagonga patasi. Haikuingia hata upana wa kidole ikakuta nondo, imevimba kwa kutu na kubanduka magamba. Lakini zege lenyewe kwa ndani lilikuwa gumu. Saruji haikuwa na kosa. Kuna vipande vidogo vya zege tunavyotegesha chini ya nondo ili nondo zisikae karibu na uso wa zege. Mafundi tunaviita biskuti. Siku ile ya kumwaga nilisema vinachelewesha kazi, nikaviacha, na tena nilizidisha maji ili zege limwagike kwa urahisi.

Nikawaeleza. Zege lina vitundu visivyoonekana. Maji ya chumvi yanayovuja kutoka matangini yanapenya humo polepole mpaka yanazifikia nondo. Chumvi inaondoa kinga ya chuma, chuma kinashika kutu, kutu inavimba na kulipasua zege kutoka ndani.

"Basi tupige lipu," alisema Yoeli. "Wanunuzi wanakuja Alhamisi."

Nakiri nilitamani kukubali. Lipu ingeziba nyufa, na jina langu lingebaki safi.

"Hapana," nilisema. "Tunavunja. Na mtu asikae tena hapo chini."

"Na saruji yangu je?" aliuliza, kwa upole wa kuudhi.

"Ilikuwa nzuri. Nimekosa mimi."

"Hebu rudia, shemeji. Upepo huu, sikusikia vizuri."

Nilirudia. Alinifanya nirudie mara tatu.

Jumanne tulishusha samaki kwenye mapipa ya plastiki, tukafunga kamba kwenye nguzo ya mbele, na wanaume wakavuta wakiwa mbali. Nilijiandaa kwa kazi ya siku nzima. Dari yote ililala kwa mvuto wa pili. Yoeli, aliyekuwa akinitania tangu alfajiri, alitazama pale mkewe alipozoea kukaa.

Jumatano asubuhi dada na mumewe walinisindikiza barabarani na kifurushi cha samaki.

"Kaka," alisema dada, "unajua nyumba yetu ni ya udongo. Tangu lile tetemeko la ardhi lilipotia nyufa kuta zake, upepo ukichafuka nilikuwa nawakimbiza wajukuu wakae chini ya ile dari. Nawaambia, hapa hapaanguki, pamejengwa na babu yenu wa Bilele."

Nilimwomba radhi, na machozi yakanitoka mbele ya shemeji. Safari hii hakunicheka.

Jioni nilifika nyumbani. Mke wangu akaniuliza kama shemeji amekiri wizi wa saruji. Nilimwambia hakuna mwizi, nikamsimulia yote, hata ya mbuzi. Nitarudi mwezi ujao kumjengea dada upya, na biskuti nimeshaanza kuzimimina mwenyewe uani. Zamani, mtu akiniita kumwaga dari, nilikuwa nauliza juu kutawekwa nini. Sasa nauliza kwanza nani atakuwa anakaa chini.